Wilhelm Röntgen, baba wa eksirei, na watoto wachanga ambao mkojo wao hurudi figoni

Mtoto wa miezi 5 anapata homa kali. Kipimo cha malaria kinaonyesha hana. Anapewa dawa, anapona, halafu baada ya wiki chache homa inarudi tena. Hapo daktari makini ataomba mkojo wa mtoto upimwe. Kwa mtoto mchanga UTI haijitangazi kama kwa mtu mzima, maana hawezi kusema anaungua akikojoa. Anachemka mwili, anakataa ziwa, anatapika, analia bila kunyamaza, au anakwenda kliniki mwezi baada ya mwezi na uzito hauongezeki.

Miongoni mwa watoto wadogo wanaopata UTI yenye homa, takriban mmoja kati ya watatu hukutwa na jambo jingine nyuma yake. Mkojo uliokwisha kushuka kwenye kibofu unapanda tena kwenda kwenye figo. Kwa kawaida, mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo hupita kwa mshazari ndani ya ukuta wa kibofu, na kibofu kikijikaza mrija unabanwa na kufungwa. Unafanya kazi kama vali ya baiskeli, inayoruhusu upepo kuingia na kuuzuia kutoka. Wapo watoto wanaozaliwa sehemu hiyo ya mrija ikiwa fupi mno, vali haifungi. Mkojo ukiwa na vijidudu, unavibeba hadi figoni. Figo likiugua hivyo mara kwa mara linabaki na makovu, na makovu hayo yanaweza kuja kuleta shinikizo la damu ukubwani, hata figo kushindwa kazi.

Lakini mkojo unarudi tumboni mwa mtoto mchanga, gizani. Utauonaje? Ili tulielewe jibu, tuanze na Mjerumani mmoja mwenye ndevu nyingi na maneno machache, aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jina lake ni Wilhelm Conrad Röntgen. Kulitamka si rahisi, sema Rentigeni na utaeleweka.

Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi 1845 katika mji mdogo wa Lennep, Ujerumani, mtoto pekee wa mfanyabiashara wa nguo. Alipokuwa na miaka 3 familia ilihamia Apeldoorn, Uholanzi, na huko ndiko alikokulia. Shuleni hakuwa wa ajabu. Alichopenda ni kutembea porini na kutengeneza vitu kwa mikono yake. Baadaye alipokuwa akisoma shule ya ufundi mjini Utrecht, mwanafunzi mwenzake alichora katuni ya kumdhihaki mwalimu. Röntgen akakamatwa, akatakiwa amtaje mchoraji. Alikataa kumtaja, na akafukuzwa shule kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kufukuzwa huko kulimfuata miaka mingi, kwa sababu alibaki bila cheti cha kumaliza shule. Kijana wa leo aliyepoteza cheti cha kidato cha nne anaujua mzigo huo. Mlango uliofunguka ulikuwa Zurich, Uswisi, ambako chuo cha ufundi kilikuwa tayari kumpokea mtu bila cheti hicho. Alisomea uhandisi wa mitambo, na mwaka 1869 akapata shahada ya udaktari wa falsafa. Mwalimu wake wa fizikia, August Kundt, alimchukua kuwa msaidizi wake na kwenda naye Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani. Chuo hicho kikagoma kumpa nafasi ya kupanda ngazi ya ualimu kwa sababu ileile, cheti cha shule hana. Wakaondoka kwenda Strasbourg, na huko ndiko alikopandishwa. Mwaka 1888 Würzburg wakamwita arudi, safari hii awe profesa na mkuu wa taasisi yao ya fizikia. Mwaka 1894 walimchagua kuwa mkuu wa chuo kizima.

Huko Zurich alikuwa amempata Anna Bertha Ludwig, binti wa mwenye mgahawa. Walioana mwaka 1872. Hawakujaliwa kupata mtoto, wakamchukua binti wa kaka yake Bertha akiwa na miaka 6 na kumlea kama wao. Shikeni jina hilo la Bertha, tutarudi kwake.

Ijumaa jioni, tarehe 8 Novemba 1895, Röntgen alikuwa peke yake maabara. Miaka hiyo nchi yetu ilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na hapa kwetu Wajerumani walikuwa na boma lao Kilimatinde, wilaya ya Manyoni ya leo. Yeye alikuwa Ulaya akipitisha umeme kwenye chupa ya kioo iliyotolewa hewa, kama wanasayansi wengine wengi walivyokuwa wakifanya. Chupa aliifunika kwa karatasi nzito nyeusi mwanga usitoke, na chumba kilikuwa giza. Pembeni, umbali wa zaidi ya mita moja, kulikuwa na kipande cha karatasi kilichopakwa kemikali, na kilikuwa kinang'aa. Alizima umeme, kikaacha. Aliwasha, kikang'aa tena. Kitu kisichoonekana kilikuwa kinatoka kwenye chupa, kinapenya karatasi nyeusi na kuifikia ile kemikali.

Watu wengi wangekimbia kutangaza. Yeye alinyamaza kwa wiki 7. Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo hilohilo, lakini alikuwa akila na kulala maabara. Alijaribu kuuzuia mwali huo kwa kitabu, kwa mbao, kwa bati la aluminiamu, ukapita. Risasi, ile madini nzito, iliuzuia. Alipoweka mkono wake katikati, aliona kivuli cha mifupa ya vidole vyake mwenyewe. Hakujua ni mwali wa aina gani, hivyo akaupa jina la herufi X, ambayo kwenye hisabati husimama badala ya kitu kisichojulikana. Ndilo jina tunalolitumia hadi leo tukienda kupigwa eksirei.

Tarehe 22 Desemba alimwita Bertha, akamwomba aweke mkono juu ya bamba la kupigia picha. Akauacha hapo takriban dakika 15. Picha iliyotoka ilionyesha mifupa ya mkono na pete ya ndoa ikining'inia kwenye kidole kisicho na nyama. Bertha hakufurahi. Aliiona kama picha ya kifo chake mwenyewe.

Tarehe 28 Desemba Röntgen alikabidhi ripoti yake fupi, na kufikia wiki ya kwanza ya Januari 1896 magazeti yalikuwa yameibeba habari duniani. Bara letu halikukaa mbali nayo. Machi mwaka huohuo majeshi ya Mfalme Menelik yaliwapiga Waitaliano huko Adowa, Ethiopia. Majeruhi wa Kiitaliano waliosafirishwa hadi Napoli walipigwa eksirei mwezi Mei kutafuta risasi zilizobaki mwilini. Miaka miwili baadaye jeshi la Waingereza lilipeleka mashine ya eksirei Sudan. Umeme haukuwepo, basi walifunga jenereta kwenye baiskeli ya watu wawili na askari wakakanyaga pedeli. Anayengojea nguzo za REA kijijini kwake atacheka kidogo hapo.

Sasa turudi kwenye mkojo. Eksirei inaonyesha mfupa vizuri kwa sababu mfupa ni mzito na unauzuia mwali. Figo, mirija na kibofu ni nyama laini, na mkojo ni maji. Mwali unapita tu, picha inatoka na wingu la kijivu. Madaktari wakatafuta namna ya kuujaza mkojo kitu kizito. Mwaka 1905, Röntgen akiwa bado hai na anafundisha Munich, madaktari wawili wa Kijerumani, Voelcker na von Lichtenberg, walipitisha mpira kwenye njia ya mkojo na kujaza kibofu kwa dawa yenye madini ya fedha, kisha wakapiga eksirei. Walitaka kuona kibofu tu. Lakini dawa ilikuwa imepanda yenyewe kwenye mrija hadi kwenye figo, nayo ikaonekana kwenye picha. Wenyewe walifurahi kwamba figo limeonekana, na kutokana na hapo wakabuni njia mpya ya kulipiga picha. Sisi tukiitazama leo, tunatambua kwamba walikuwa wameona mkojo unavyoweza kurudi nyuma.

Kipimo cha leo cha watoto ni mjukuu wa kile. Mtoto anawekewa mpira mwembamba wa mkojo, kibofu kinajazwa taratibu dawa yenye madini ya iodini, na eksirei inapigwa kibofu kikijaa na wakati mtoto anakojoa. Hapo ndipo mkojo unaporudi huonekana kwa macho, na daktari anaupa daraja kuanzia la 1 hadi la 5. Daraja la 1 mkojo unaishia kwenye mrija, la 5 mrija umepanuka na kujikunja na figo limevimba. Kinaonyesha pia njia ya chini ya mkojo, jambo kubwa kwa watoto wa kiume, kwa sababu wapo wanaozaliwa na ngozi inayoziba njia hiyo. Kwa kuonyesha umbo la njia yote ya mkojo na daraja la tatizo, kipimo hiki ndicho ambacho vingine hupimwa navyo.

Udhaifu wake unatokana na mwali uleule wa Röntgen. Katika miaka ya mwanzo watu waliuchezea. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison wa Marekani, alikuwa akijaribia mwali kwenye mikono yake. Aliungua, akakatwa mikono, na mwaka 1904 akafa kwa saratani, na Edison akaachana na kazi hiyo. Röntgen alinusurika kwa kiasi kikubwa kwa sababu alikuwa amejijengea kibanda cha bati na risasi cha kufanyia kazi ndani yake. Mashine za leo zinatumia mionzi kidogo sana ukilinganisha na zile, na hapa nchini zinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki. Hata hivyo mtoto mchanga si mtu mzima mdogo. Seli zake zinagawanyika kwa kasi, ana miaka mingi mbele ambayo madhara yanaweza kujitokeza, na kwa mtoto wa kike mionzi ya kibofu inapita jirani kabisa na mayai yake ya uzazi.

Ndiyo maana daktari huanza na ultrasaundi. Hii haina mionzi hata kidogo, inatumia mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Haina mpira wala sindano, na inapatikana hospitali nyingi kuliko vipimo vingine nitakavyovitaja. Inaonyesha kama figo mbili zipo, zinalingana, zimevimba au hapana, kama mirija imepanuka, kama ukuta wa kibofu ni mnene. Lakini hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawaelezwi. Ultrasaundi ya kawaida haiwezi kuuona mkojo wenyewe ukirudi. Mkojo unaopanda unafanana na mkojo unaoshuka, na mara nyingi unapanda kwa muda mfupi tu wakati mtoto anakojoa. Mtoto anaweza kuwa na ultrasaundi safi na bado mkojo ukawa unarudi, hasa ukiwa wa daraja la chini. Jibu safi linapunguza hofu ya tatizo kubwa. Halitoshi kumwambia mzazi asiye na kipimo kingine kwamba homa ya nne isipimwe mkojo.

Njia ya tatu ni kuweka kwenye kibofu, kwa mpira uleule, dawa yenye mionzi kidogo, halafu kamera maalumu inafuatilia dawa inakokwenda. Mtoto anapata mionzi pungufu sana kuliko kwenye eksirei, na kamera inaweza kutazama muda wote bila kuongeza kiwango, hivyo hata mkojo unaorudi kidogo na kwa kuvizia hukamatwa. Picha yake lakini ni ya ukungu. Haionyeshi vizuri njia ya chini, wala haigawi madaraja kwa usahihi. Kwa hiyo hutumika zaidi kumfuatilia mtoto ambaye tatizo lake limeshajulikana, au kuwapima wadogo zake, maana tatizo hili hutembea kwenye familia. Kwa nchi yetu, tiba ya namna hii iko kwenye hospitali chache kubwa, kama Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza. Kwa mtu wa Mkalama au Itigi, hiyo ni nauli, malazi na siku za shamba.

Ipo na ya nne, ambayo ni changa zaidi. Kibofu kinajazwa maji yenye viputo vidogo sana vya gesi, kisha kinatazamwa kwa ultrasaundi. Viputo vinang'aa kwenye skrini, na vikipanda figoni vinaonekana wazi. Hakuna mionzi. Marekani waliidhinisha dawa ya viputo hivyo kwa kazi hii ya watoto mwaka 2016. Inahitaji dawa yenyewe, mashine yenye uwezo huo na mtaalamu aliyefundishwa, na mpira wa mkojo bado upo palepale. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo inayofaa kutamaniwa katika hospitali za mikoa, kwa kuwa mashine za ultrasaundi tunazo tayari kwa ajili ya wajawazito.

Basi kipi ni bora? Inategemea unauliza nini. Ukitaka kujua kama figo zina hali mbaya, ultrasaundi. Ukitaka kujua kama mkojo unarudi na kwa kiasi gani, eksirei ya dawa. Zamani karibu kila mtoto aliyepata UTI yenye homa mara moja alipelekwa kwenye eksirei hiyo. Siku hizi miongozo mingi imepunguza. Inasubiriwa homa ya mkojo irudi, au ultrasaundi ionyeshe kasoro, au kidudu kilichooteshwa kiwe si cha kawaida, au mtoto wa kiume awe anakojoa kwa matone. Sababu ni kwamba kwa watoto wengi wenye madaraja ya chini tatizo huisha lenyewe wanavyokua, ile sehemu ya mrija ikirefuka.

Hakuna kipimo kati ya hivyo chenye faida kama hatua ya kwanza haikufanyika, nayo ni mkojo kupimwa kabla ya mtoto kuanza dawa ya vijidudu. Huku kwetu mtu mzima akitoka zahanati bila malaria, basi ana UTI au taifodi, hata utani tumeufanya. Kwa mtoto mchanga mambo hugeuka, UTI ya kweli inapita bila kutajwa. Mzazi anaweza kuuliza kwa adabu kama mkojo utapimwa. Anaweza pia kutunza picha na majibu ya zamani, ili mtoto asirudiwe eksirei aliyokwisha kupigwa kwingine.

Mashine hizo zingekuwa na historia nyingine kama Röntgen angekuwa mtu wa fedha. Alishauriwa kuchukua hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi ili kila atakayeutumia amlipe. Alikataa. Aliona kwamba jambo alilogundua ni la watu wote. Mafundi wa kila nchi wakatengeneza mashine bila kumwomba ruhusa. Mwaka 1901 tuzo ya Nobel ilipotolewa kwa mara ya kwanza, ya fizikia ilikwenda kwake, na fedha akaziachia Chuo Kikuu cha Würzburg, kilekile kilichowahi kumkatalia. Alipotunukiwa nishani na kupewa nafasi ya kuitwa mwungwana wa ukoo bora, alipokea nishani na kuukataa ukoo. Hotuba hakuzipenda. Wenzake walipotaka mwali uitwe kwa jina lake yeye aliendelea kuuita X.

Bertha, yule wa picha ya mkono, aliugua kwa miaka mingi, na ugonjwa wake ulikuwa wa figo. Maumivu yalimjia kwa mafungu, makali, na mumewe alijifunza kumchoma sindano ya mofini mwenyewe nyumbani. Mwali uliobeba jina la familia ulikuwa umeshaanza kuonyesha figo za wagonjwa wengine, lakini kuliona figo si kulitibu, na dawa za kuua vijidudu kama tulizonazo leo zilikuwa bado. Bertha alifariki mwaka 1919.

Baada ya vita vya kwanza fedha ya Ujerumani iliporomoka, na akiba ya Röntgen ikayeyuka pamoja nayo. Alifariki Munich tarehe 10 Februari 1923 kwa saratani ya utumbo, akiwa na miaka 77. Alikuwa ameacha maagizo kwamba barua na karatasi zake za utafiti zichomwe moto, na zikachomwa. Alizikwa Giessen, mji aliowahi kufundisha, katika kaburi la familia pamoja na wazazi wake na Bertha.